Nimegusa

Tajudini, fundi magari wa Cibitoke, aliingia hospitali na jino bovu alilolificha. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha kabisa. Mwaka wa pili huo alikuwa akisali kwenye kiti, na chini ya gari haingii tena. Leo alikuwa anawekewa goti la chuma. Nesi Médiatrice alimwuliza mara tatu: kidonda? jipu? jino? "Apana," akajibu mara tatu, karafuu kaibana gegoni. Aseme ili waahirishe? Jino na goti, wapi na wapi!

Ganzi ikamshika kuanzia kiunoni kwenda chini, mwenyewe yuko macho. Basi aliyoyaona humo katika chumba cha upasuaji! Watu wazima walisugua mikono mpaka viwikoni kama wanasugua sufuria iliyoungua, na bado hawakuiamini, wakavaa glavu mbilimbili. Mlango ulifungwa, haingii mtu. Mguu wake ulipakwa dawa, ukapakwa tena. Yeye, aliyezoea kufuta beringi kwa shati lake, alinywea.

Daktari Irène alikuwa amemweleza mapema: "Chuma haina damu, muzee. Kijidudu kikitoka popote mwilini, kikijificha pale, dawa haikifikii. Tunaweza kutoa goti, hata mguu." Tajudini alikuwa ameitikia tu.

Kisu kikiwa tayari, msaidizi wa daktari, Birindwa, mtu wa makamo, akasema taratibu, "Nimegusa."

Kagusa nini? Ukingo wa taa usiosafishwa kwa dawa, kwa kidole kimoja. Hakuna aliyeona. Angenyamaza, nani angejua? Wala hakuna aliyemgombeza. Alirudi nyuma, akavua vyote, akaenda kunawa upya, na wenzake wakamsubiri, mikono kifuani, kama watu walio kwenye sala.

Tajudini akaingiwa na hofu isiyo ya kisu. Watu hawa hawamjui baba wala mama, na wanamwogopea ncha ya kidole. Yeye mwenyewe kawaletea usaha mdomoni. Aliona haya mpaka machozi yakamtoka.

"Daktari," akasema, "na mi nimegusa. Niko na jino, inatoa usaha."

Irène akaweka kisu chini. Boksi la goti lilikuwa halijafunguliwa. "Aksanti, muzee. Ling'olewe kwanza, upone. Goti litakungoja."

Jioni, ganzi ilipokwisha, alifika nyumbani akichechemea kwa goti lilelile, mkewe Houda akampokea mlangoni.

"Wamekukataa?"

"Apana," akasema Tajudini, na hiyo ndiyo ilikuwa apana yake ya kwanza ya kweli siku ile.