Alasiri Tuliyowahitaji Nyati

Septemba ikielekea mwisho huwa sipati usingizi wala hamu ya kula. Mwaka huu nilikonda kilo tatu. Daktari aliponiuliza kuna nini nyumbani, nikamwambia nyumbani kuzuri, ila Korongo, timu yangu, bado hawajafuzu. Akacheka. Ni mgeni hapa Kenosha, nikamsamehe.

Sisi tuko katikati ya miji miwili mikubwa, na besiboli imezigawa nyumba zetu. Baba alitoka kaskazini, akawa mtu wa Korongo mpaka anazikwa. Mama alitoka kusini, na kusini ni Nyati watupu. Mimi nilimfuata baba. Mdogo wangu Duane akamfuata mama, na kwa miaka hamsini kazi yake imekuwa kunikata maini. Hata baa ya Florian ina pande mbili: Korongo huku mlangoni, Nyati kule karibu na jiko, kila upande na runinga yake.

Jumapili ya mwisho ya msimu michezo yote ilianza saa nane mchana. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi, hata Duane aliielewa. Korongo na timu iitwayo Radi walikuwa sawa kwa ushindi, na palibaki nafasi moja tu ya kuingia mchujo wa ubingwa, unaochezwa Oktoba. Tukimaliza sawa, Radi wanapita, kwa sababu walitupiga mara nyingi zaidi mwaka huu. Kwa hiyo sisi tulipaswa kushinda, na Radi wafungwe. Na siku hiyo Radi walikuwa wanacheza na nani? Na Nyati.

Nyati walishakufa tangu Agosti. Hawakuwa na cha kupata wala cha kupoteza.

"Dada Marlys," Duane akaniita kutoka upande wake, kifua mbele ndani ya jezi yake ya Nyati. "Nasikia leo unatuombea."

"Naomba mfanye kazi mnayolipwa."

"Leo sisi tumekuja kulala. Verlyn, mwambie dada tumekuja kufanya nini."

"Kulala," akasema Verlyn, mstaafu wa kiwanda cha magari, mdomo umejaa jibini ya kukaanga. "Heri tufungwe kumi kuliko kumwona Marlys anacheka Oktoba nzima."

Wakagonga glasi zao. Nilitamani kuwamwagia bia.

Saa kumi na nusu Korongo wakamaliza kazi yao, tisa kwa mbili. Upande wetu tulikumbatiana kidogo tu, kwa adabu, halafu tukageuza viti vyote kutazama runinga ya jikoni. Duane alikuwa ananisubiri, meno nje.

"Karibuni kwetu," akasema. "Msiguse kitu."

Sijawahi kuona jambo kama lile. Nyati akipiga mpira vizuri, mashabiki wa Nyati wanazomea. Radi wakipata alama, hao hao wanapiga meza na kuimba. Watu wamevaa jezi ya timu yao, wengine wameichora hata mkononi, wanashangilia ikipigwa! Hasira zikanipanda.

"Nyie ni mashabiki wa namna gani?" nikauliza. "Timu yenu wenyewe!"

"Mapenzi yana namna nyingi, dada."

"Mama angekuona leo."

"Mama angekuwa anaimba kuliko mimi, na unajua."

Nilijua. Nikaendelea kutafuna kucha. Miaka ishirini na sita Korongo hawajaingia mchujo. Mara ya mwisho nilikuwa bado na meno yangu yote. Niliogopa, nasema kweli. Katika umri wangu mtu hajui amebakiwa na Oktoba ngapi.

Ikafika zamu ya mwisho ya Nyati kupiga. Radi nne, Nyati tatu. Wapigaji wawili wa Nyati walishatolewa, na mwenzao mmoja alikuwa amesimama kituo cha kwanza. Akitolewa mmoja tena, kwisha habari yetu. Verlyn alishaanza kunipungia mkono wa kwaheri.

Hapo kocha wa Nyati akambadilisha mpigaji. Kutoka gizani kule benchini akatokea Amadeo Pacheco.

Umri miaka arobaini. Misimu kumi na tisa katika jezi moja. Tangu Julai goti lilikuwa limemkalisha, na alishatangaza kwamba anastaafu. Hakuna aliyetegemea kumwona tena na kigongo mkononi. Akapanda taratibu, akaivuta kofia yake ngumu, akakanyaga mchanga kama alivyoukanyaga siku zote.

Verlyn akaushusha mkono wake, akavua kofia.

Mpira wa kwanza Pacheco akaukosa. Wa pili akaukosa. Akikosa wa tatu ametoka, na yule mrushaji wa Radi alikuwa kijana mwenye mkono wa moto. Lakini mzee akaanza kuiparuza: mmoja ukaruka pembeni kushoto, mwingine kulia, mwingine ukarudi nyuma kwa watazamaji. Haimpi kitu mipira hiyo, lakini haimtoi. Minne. Mitano. Sita.

"Duane," nikasema, "umesimama."

"Nanyoosha miguu."

"Na Verlyn?"

"Naye ana miguu."

Wote walikuwa wamesimama. Mtu akanong'ona, "Haya, mzee." Mwingine akadakia. Duane alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. "Usiwe na haraka," alimwambia ile runinga. "Ngoja wako. Ngoja wako tu."

Wake ukaja. Ile sauti ya kigongo niliijua kabla macho hayajaona. Mpira ukapaa, ukapaa, ukapita juu ya ukuta wa kushoto na kuzama jukwaani. Alama mbili, yake na ya yule wa kituo cha kwanza: Nyati tano, Radi nne, na hakuna zamu nyingine.

Waliopiga kelele kwanza ni watu wa Nyati. Viti vilianguka, Verlyn akambusu Florian kwenye upara. Ndipo ikaanza kuwaingia, mmoja mmoja.

"Subiri," akasema Verlyn. "Kwa hiyo Korongo..."

Sikumwacha amalize. Upande wetu ulilipuka. Watu wazima walipanda juu ya meza. Nikamrukia Duane, nikamtwanga mgongoni kwa ngumi zote mbili, nikacheka, nikapayuka sijui nini. Akaudaka mkono wangu akaushika.

"Dada," akasema. "Ngoja kwanza amalize kuzunguka vituo."

Nikatazama. Pacheco alikuwa bado njiani, kituo cha pili, anachechemea. Kwa mpira wa namna ile hakuna anayemkimbiza mpigaji, na yeye hakuwa na goti la kukimbilia. Wachezaji wa Radi, waliokuwa wamepoteza kila kitu, walisimama pembeni wakampisha. Duane alikuwa analia bila kujificha. Mimi Oktoba yangu ndiyo ilikuwa inaanza. Wao walikuwa wamebakiwa na zile hatua chache. Nikabaki nimesimama kando yake, bia ya wenzangu inanitiririka mgongoni, mpaka yule mzee akakanyaga kituo cha mwisho na wenzake wakamfunika.

Duane akajifuta uso kwa mkono wa jezi.

"Haya," akasema. "Sasa piga kelele zako."

Nikafungua mdomo niwaite Korongo, likatoka jina la Pacheco.