Tarehe Iliyoliwa na Maji

Karani Watson aliielekeza ankara ya mauzo ya samaki dirishani, akaikazia macho. Jina la Kafula lilisomeka, na jumla ya faranga pia. Tarehe ilikuwa imeliwa na maji, kwani karatasi ile ilitolewa mfukoni mwa mtu aliyezama ziwani.

Olipa, mjane wake, alisimama mbele ya meza na kopo la faranga kwapani. Samaki waliuzwa ng'ambo, Kongo ya Wabelgiji, lakini ushuru ulilipwa hapa Nchelenge, upande wa Waingereza, nao ulikadiriwa kwa shilingi, kwa bei ya faranga ya siku ya mauzo. Hesabu za serikali hazina habari na msiba. Jumamosi faranga ilikuwa juu; Jumatatu ikaporomoka, na ushuru ukashuka nayo. Jirani yao Mwewa, aliyeuza Jumatatu, alikuwa ametoka sasa hivi. Alilipa kidogo, akampita Olipa bila kumtazama usoni.

Watson alijua kwamba wavu wa Kafula umechanika na mama huyu hana cha kununulia nyuzi. Roho ilimuuma.

"Mama, tarehe haionekane," alisema. "Niandike kazi moya, sawa na ya Mwewa. Utabakia na feza ya nyuzi. Hakuna mutu ataniuliza."

Jumatatu! Olipa aliitamani siku hiyo kuliko hizo nyuzi. Mnunuzi alikuwa amewasihi wanaume wote wawili: upepo ni mbaya, laleni, mtauza Jumatatu. Mwewa alilala. Kafula aliuza samaki wake Jumamosi ileile, akaingia mtumbwini, maana Jumapili mtoto wao alikuwa abatizwe, naye alikuwa amemwahidi mkewe kwamba hatakosa. Angengoja, angekuwa hai.

Kwa kitambo Olipa alimwona mumewe kule ng'ambo, amejifunika blanketi, anakoroma. Machozi yakamtoka. Kisha akalisukuma kopo mezani.

"Hapana, bwana. Kafula hakungojaka kazi moya. Andika siku ya posho."

Watson alichovya kalamu, akaandika Jumamosi kwenye ankara, pale palipoliwa na maji. Faranga zilizoshuka zilihitajika nyingi kufidia ushuru wa bei ya juu, na kopo lilirudi karibu tupu.

"Na karatasi unirudishie," Olipa alisema. "Mutoto akikomala atauliza juu ya baba yake. Nitamuonyesha siku yenye alitoka kule, alikuwa anakuya kwake."