Pindo la Mkono wa Kulia

Jumamosi asubuhi fundi cherehani alikaa karibu na dirisha, shati la sare la binti yake mkubwa mapajani, akifumua pindo la mkono wa kulia. Ilikuwa mara ya tatu tangu mwaka uanze. Mkono wa kushoto hakuugusa, ule ulikuwa sawa.

Fundi yeyote huacha pindo kubwa kwenye nguo za watoto wa shule, maana mtoto anakua. Nguo ya mtu mzima haiachiwi, ni kuharibu kitambaa. Binti yake alikuwa na miaka ishirini na sita, na mtoto wake wa kike alikuwa ameanza kusimama dede. Kwa hiyo shati lilikatwa bila pindo la maana, na sasa ilibidi kuunga kipande.

"Nyoosha," fundi alisema.

Binti akanyoosha. Tepu ya kupimia ikaishia kwenye kifundo, kiganja na vidole vikabaki nje. Fundi akaweka alama ya chaki pale ilipoishia, akaanza tepu upya.

Kazini binti huyo walimwita Chapchap kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kukata tiketi. Alitoza magari kwenye daraja refu linalovuka bonde la mto. Nyumba yao ilikuwa chini bondeni, karibu na nguzo ya pili, na vibanda vya kutozea vilikuwa juu kabisa, daraja linapoanza. Wajenzi walijenga vibanda kwanza. Walipomaliza ndipo mmoja akakumbuka malori mapana, wakaweka kingo za zege ili yasigonge vibanda, na kingo zikayasukuma magari yote mbali na dirisha, umbali wa mikono miwili na nusu. Dereva anyooshe wake, Chapchap anyooshe wake, katikati upite upepo wa bondeni. Miezi ya mwanzo tiketi zilipeperuka hadi mtoni, waliofua nguo wakazikuta zimeganda maweni. Baadaye mkono ukaanza kufika, na tiketi hazikupeperuka tena.

Anayempeleka mwanawe kule na aangalie kwanza kibanda kiko wapi na barabara iko wapi. Fundi hakuangalia. Alifurahia sare.

Alimpeleka binti zahanati. Daktari aliukunja mkono, akaukunjua, akamwambia akamate kalamu, kisha akaandika kwamba ni mzima na hauna maumivu. Ikabidi fundi apande mwenyewe hadi ofisi ya daraja. Msimamizi alikuwa kijana mwenye adabu. Aliinuka, akampa kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya kibanda. Kiko mbali na magari."

Msimamizi alikubali pale pale. Alisema jambo hilo linajulikana tangu siku ya ufunguzi, akamwonyesha tangazo ukutani lililosema vibanda vitasogezwa hivi karibuni. Karatasi ilikuwa imepauka, maandishi yakisomeka kwa shida.

"Lakini kusogeza kibanda ni kuvunja zege, mama yangu," alisema. "Mkono wa binti yako haujavunja kitu."

Aliongeza kwamba Chapchap mwenyewe hajawahi kulalamika, na hilo lilikuwa kweli. Binti alikuwa ameahidiwa kuhamishiwa ofisini mwaka ukiisha, naye alimwambia mama yake kwamba akishakaa mezani mkono utarudi wenyewe.

Mvua zilipokwisha mkono ulifika njia ya pili ya magari. Mhudumu wa njia ya pili alishukuriwa, akarudi kwao. Kisha ukafika ya tatu, na ya nne. Madereva walipenda, foleni ilipungua. Ila sasa hapakuwa na wa kupokezana naye, hivyo Chapchap akapewa kitanda nyuma ya kibanda, na nyumbani akawa haji. Mwaka ulipoisha aliulizia ofisi. Msimamizi alisikitika, akasema meza za kule ni ndogo, mkono hautaenea.

Mchana mmoja fundi alikuwa akipakua chakula, mkono ukashuka kando ya nguzo na kuingia kwa dirisha la jikoni. Ulipapasa meza ukalipata bakuli. Fundi aliupa mkono wake, wakasalimiana, kisha akafunika bakuli kwa sahani lisimwagike njiani.

Tangu hapo ulikuja kila siku saa saba. Fundi aliukata kucha, akaupaka mafuta mahali palipochubuliwa na zege. Ulimshika mtoto kipaji cha uso kujua kama ana homa. Ulimfunga vifungo. Mtoto alijifunza kutembea akiwa ameshika kidole gumba, na adhuhuri alilala amekikumbatia. Jirani alipomuuliza mama yuko wapi, alionyesha dirisha.

Jirani akacheka. "Shukuru, mwenzangu. Wako angalau anafika. Wangu yuko mjini mwaka wa tano, hata kidole sijakiona."

Siku moja ya Ijumaa Chapchap alipewa ruhusa, akashuka nyumbani mwenyewe, mkono ameukunja mara nne begani kama shuka lililotoka kuanuliwa. Alichuchumaa mlangoni, akamwita mwanawe. Mtoto aliutazama uso ule, akakimbilia nyuma ya bibi yake, akalia. Chapchap aliinuka. Alitoka nje, akakaa chini ya dirisha mahali asipoonekana, akaupitisha mkono ndani. Mtoto akanyamaza. Akala kijiko baada ya kijiko, akamaliza.

Fundi alitoka akakaa karibu naye.

"Acha kazi, mwanangu."

"Nikaacha nikafanye nini, mama, na mkono huu?"

Jioni alirudi darajani.

Binti mdogo wa fundi, aliyekuwa amemaliza shule mwaka ule, aliyaona yote akiwa jikoni. Wiki iliyofuata alileta fomu ya daraja. Fundi alimwambia afadhali aje akae cherehani, amfundishe.

"Nikiwa kule dada atapata wa kupokezana naye," binti alisema. "Atakuja alale hapa. Mtoto atamzoea uso. Kwani wewe hutaki?"

Fundi alitaka, ndilo lililomfunga mdomo. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina, ya umri, na ya urefu wa mkono wa kulia. Akamsimamisha binti, akampima. Miaka thelathini ya ufundi hakuwahi kumdanganya mteja hata upana wa kidole. Siku hiyo aliandika urefu uliopungua vidole vinne.

"Mama, hiyo siyo."

"Ndiyo hiyo. Andika jina lako."

Jibu lilikuja na mkono wenyewe, saa saba mchana, barua ikiwa katikati ya vidole viwili. Binti mdogo ameajiriwa. Atapangiwa vibanda vipya upande wa pili wa daraja, vilivyojengwa kwa ramani ile ile ya vya kwanza. Chini msimamizi aliongeza kwa kalamu, maandishi mazuri: mama asihangaike juu ya urefu wa mkono, utaongezeka kazini.

Fundi aliisoma mara mbili. Mkono ulimngoja mezani, naye akaupa bakuli, ukatoka. Mtoto aliupungia hadi ukapotea nyuma ya nguzo.

Alasiri alitandika kitambaa cha sare juu ya meza. Alikata kola, mgongo, mkono wa kushoto. Alipofika wa kulia aliacha pindo la dhiraa mbili, akalikunja kwa ndani, akalishona kwa nyuzi ndefu, zile zinazofumuka kirahisi.