Jiwe la Bitutu

Bitutu alikuwa amekataa uji tangu Sabato, na mwanawe Nyangau alichoka kumbembeleza. Yeye na mkewe Jemimah walimwimbia nyimbo za kanisani mpaka sauti zikawakauka. Mama aliwatazama kama wapita njia.

"Anatuona wageni," Jemimah alisema. "Na nani hula kwa watu asiowajua?"

Jioni Nyangau aliporudi kutoka shambani, mgongo ukimuuma, aliliona jiwe la kusagia pembeni mwa nyumba. Tangu kinu cha unga kiendeshwacho na maji kifunguliwe upande wa Kebirigo, kuku ndio waliodonoa juu yake. Akakumbuka utoto wake, amefungwa mgongoni mwa mama, wimbo ukipanda na kushuka pamoja na jiwe.

Labda mama angeutambua wimbo ule. Jemimah hakuujua. Nyangau aliujua, lakini mwanamume hashiki jiwe la kusagia.

"Nitasaga mimi, wewe uimbe," mkewe alisema.

"Nikisimama kando maneno yananipotea. Yanataka mikono." Akaliingiza jiwe ndani, akaufunga mlango. "Onyancha akipita, mwambie naumwa."

"Huyo jirani ana masikio. Kesho sokoni watakuuliza umeolewa wapi."

Nyangau akapiga magoti, akamwaga konzi ya wimbi juu ya jiwe, akaanza kusaga. Sauti ilimtoka nzito, ya kujikokota. Alipofika ubeti wa pili, mkono wa mama ukaanza kwenda na kurudi juu ya paja. Kisha mama akaitikia, bila kukosa neno.

Wimbo ulipokwisha, Bitutu akasema, "We binti, unalisukuma jiwe kama unafukuza mbwa. Nani alikulea?"

Nyangau alipunguza kasi ya jiwe. "Ni wewe, mama."

"Mimi sina binti. Nina kijana mmoja tu, Nyangau. Yuko malishoni."

Jemimah alimtazama mumewe, naye akainamisha kichwa. Basi Jemimah akamsogezea mama kibuyu cha uji. "Kunywa, mama, kabla hajarudi."

Bitutu akanywa polepole, akipumua kati ya mafunda, hata uji ulipofika nusu akakirudisha kibuyu.

"Huo mwekeeni Nyangau. Akitoka kwa ng'ombe huwa na njaa."

Nyangau alikipokea kwa mikono miwili iliyojaa unga. Akanywa akiwa bado amepiga magoti, mpaka uji ukaisha.

"Saga, binti," mama alisema. "Giza linaingia."

Nyangau akaegemea jiwe, akasaga.