Njema, Ila

Jongoo bahari ana harufu yake, na mwanamke anayeshinda akimchemsha huilalia na kuiamkia. Somoe alikwisha kuizoea. Mumewe, Hassani, alibeba mawe kwenye ujenzi wa bandari mpya ya Mtwara, na yeye mwenyewe alipata kibarua ufukweni, uani kwa Bwana Chani, Mchina aliyenunua majongoo kwa wavuvi na kuyapeleka Unguja kwa magunia. Kazi ilikuwa kuyapasua, kuyachemsha kwenye pipa, kuyafukia mchangani mpaka ngozi ilainike, kuyafukua na kuyakwangua, kisha kuyarudisha motoni. Mwanawe mchanga, Thabiti, alikuwa mgongoni ndani ya kanga, akibembelezwa na mkwaruzo wa kisu.

Jioni, alipokwisha kuoga na kuoga tena, Somoe alikwenda darasani Chikongola, kwenye masomo ya watu wazima ya Mwalimu Fikirini. Alikuwa mwanamke peke yake, benchi la nyuma, mtoto akinyonya. Mama mkwe alinung'unika mpaka akachoka. Hassani alisema, "Mwacheni asome. Labda siku moja atanisomea hata sahani ninayolia wali." Watu wakacheka, na ruhusa ikawa imetoka.

Mke wa Bwana Chani alipojua kwamba Somoe anajifunza Kizungu, hakumwacha apumue. Alikuwa mwanamke mdogo, mwepesi, aliyeletwa kutoka kwao China akiwa na Kiswahili cha kuomba maji na chumvi tu. Mwanawe wa kiume aliitwa Kam. Waswahili wakamwongezea irabu akawa Kamu, na mama yake akawa Mama Kamu. Bwana Chani alisafiri mara kwa mara, na Wazungu wa forodha walipokuja kukagua magunia, mkewe alibaki ameduwaa mlangoni. Hilo lilimkera. Tena alikuwa na ndoto yake: Kamu asome, avae viatu, azungumze na wakubwa pasipo mkalimani.

Basi wakafundishana palepale, kati ya pipa na pipa. Mama Kamu aliandika kwa mkaa juu ya kifuniko cha sanduku la chai, neno la Kizungu kwa namna alivyolisikia, na pembeni alama za kwao.

"Mama Thabiti, 'wait' nini?"

"Ngoja."

"Ngoja kama ngoja maji chemka?"

"Hiyo pia. Lakini Mzungu akikwambia 'wait', usiulize mpaka lini. Wewe kaa."

Ashura, mwanamke wa Likombe aliyekwangua majongoo upande wa pili, akaangua kicheko. "Hilo hata mie nalijua, na shule sijaiona mlango. Hawana jingine la kutupa!"

"Na 'please'?"

"Tafadhali. Lisikosekane. Bila hilo Mzungu ataona umempiga kofi."

Mama Kamu akakunja uso. "Kwetu mtu wa nyumbani hasemi hivyo. Mume akisema tafadhali, mke anaogopa. Anajiuliza, huyu amefanya nini?"

Ashura nusura aanguke pipani. "Wa kwangu hajalisema tangu aliponiposa. Basi mie nina amani!"

Siku ya salamu ndiyo waliyokawia zaidi. Somoe alimweleza kwamba Mzungu akiuliza hali, jibu lake ni 'fine, thank you'.

"Kama mimi umwa?"

"Hata ukiumwa."

"Kama mtoto umwa?"

Somoe akaweka kisu chini, maana hapa palitaka maelezo. "Sikiliza, Mama Kamu. Kwetu hapa hata mtu aliyefiwa, ukimuuliza habari za kwao, atakwambia njema, ila tumefiwa. Njema hutangulia. Ukianza na baya umemtwisha mwenzako mzigo hata hajakaa. Unasema njema, mnaulizana, mkishatulia unalitoa lililokuleta. Nao Wazungu nimeona ni vivyo hivyo. Mwalimu anatuuliza kila jioni, sote tunasema 'fine', na nusu yetu tuna njaa."

Mama Kamu aliinua mkaa wake. "Basi 'fine' ni mlango."

"Naam! Ni mlango. Usiingie kwa dirisha."

Akacheka, akachora kwenye kifuniko alama ya kwao yenye nguzo mbili, kweli kama mlango. Kisha wakafanya mazoezi. Somoe alijifanya bwana mkubwa, akaweka mikono nyuma, akauliza kwa Kizungu: hujambo, mume hajambo, mtoto hajambo? Na kila mara Mama Kamu aliinamisha kichwa kidogo na kujibu vizuri, bila kujikwaa. Somoe alimtazama kwa fahari. Hakuwahi kumpa mtu kitu kikadumu namna ile.

Masika yalipoisha, Kamu aliugua. Alikuwa amekwisha kuanza kuongea, maneno ya kwao na ya pale uani yamechanganyika, akimwita Ashura "Achula" na kuwafukuza kuku kwa matusi aliyoyaokota kwa wavuvi. Asubuhi moja mama yake alimkuta anachemka kama kikaango. Hakutaka mwanga. Alipomwinua, kichwa hakikuinama mbele, kilikaza nyuma, na mtoto akapiga yowe lililowasimamisha wote.

Bwana Chani alikuwa Unguja. Mapipa yalikuwa motoni na mzigo wa watu ndani yake, nao ukiachwa huyeyuka ukawa uji.

"Nitakusindikiza," Somoe alisema.

"Wewe kaa na pipa. Mimi nakwenda." Mama Kamu alikuwa anamfunga mtoto kwa shuka. "Maneno ninayo. Wewe umenipa."

Na Somoe, Mungu amsamehe, alifurahi kusikia hivyo. Akabaki akichochea moto na kumwazia mwanafunzi wake mbele ya daktari.

Mama Kamu alirudi jua limeelekea magharibi. Kamu amelala begani, kimya, macho nusu wazi. Mama Kamu alikaa juu ya gunia, hakuvua hata viatu.

"Daktari kasemaje?" Somoe aliuliza.

"Hajasema. Mimi ngoja. Yeye hajarudi."

"Hukumwona kabisa?"

"Nimeona." Akaeleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Kule hospitali palikuwa na vurugu. Jiwe lilikuwa limewaangukia watu bandarini, si wa kundi la Hassani, na dresa, yule mfunga vidonda anayewafasiria wagonjwa, alikuwa ameitwa kuwabeba majeruhi. Daktari alitokea barazani, mikono ina damu, akapita mbele ya mabenchi akiuliza huku na huku. Alipofika kwake alisimama. Mtoto alikuwa amenyamaza kwa kuchoka, amefunikwa. Daktari aliuliza kwa Kizungu mtoto yuko vipi. "Mimi najibu vizuri. 'Fine, thank you, sir.' Inama kichwa. Yeye anasema 'good'. Anakwenda. Mimi ngoja auliza tena, nisema homa, nisema shingo. Ngoja, ngoja. Wanafunga mlango."

Kisu kilimtoka Somoe mkononi.

"Mama Thabiti? Mimi nimekosa neno?"

"Hapana," Somoe alisema. "Hukukosa. Umelisema sawasawa nilivyokufundisha."

Ashura alikuwa ameacha kukwangua. Safari hii hakupata mzaha. "Yailahi," alisema polepole. "Wenzetu kumbe wakijibiwa njema, huondoka."

Somoe na Mama Kamu walikwenda tena usiku ule ule ulipoingia, wakamkuta mlinzi tu, akawaambia daktari amekwenda kulala baada ya kazi ya majeruhi, waje alfajiri. Waliomba, wakaomba tena. Wakakaa nje ya ukuta mpaka adhana. Kulipokucha Somoe hakungoja salamu. Alimfuata daktari hadi mlangoni pake na kusema kwa Kizungu kilichovunjika kwamba mtoto ni mgonjwa sana, mgonjwa sana, akimwonyesha shingo. Daktari alimshika Kamu mara moja, na uso wake ukabadilika. Alimwambia kitu dresa, naye dresa akawageukia.

"Bwana anasema hii ni homa ya uti wa mgongo. Anauliza kwa nini jana aliambiwa mtoto hajambo."

Mama Kamu alimtazama Somoe amjibie. Somoe alijaribu. Alisema kwamba kwao mtu huanza na jema, kwamba lile halikuwa jibu, lilikuwa heshima. Dresa, ambaye naye alizaliwa pwani, alielewa hata kabla hajamaliza, akainamisha macho. Sijui alifasiri vipi. Daktari aliijaza sindano, akarudi kwa mtoto.

Kamu hakufa. Lazima hilo lisemwe, maana siku zile wote walikwisha kumlilia. Alitobolewa kwa sindano, akakonda akabaki macho, lakini homa ilishuka, shingo ikalegea, akarudishwa uani amefunikwa shuka ileile. Ashura alipika uji wa muhogo, akaulisha kwa kidole. Mama Kamu hakuwa na hasira na Somoe, au kama alikuwa nayo hakuionyesha. Alifanya kazi kando yake kama kawaida, akampa chai, akamshika Thabiti alipolia. Lakini kile kifuniko cha sanduku alikiosha, wala hakuuliza neno tena. Somoe angeona heri atukanwe.

Kisha kukaja ile asubuhi. Ashura alikuwa anaondoa kifuniko cha pipa, mvuke ukamuunguza, akakitupa. Bati lilianguka juu ya mawe kwa kishindo cha kuamsha maiti. Kuku walitawanyika. Thabiti alishtuka mgongoni na kuanza kulia. Kamu alikuwa amekaa mchangani hapo hapo karibu, amewapa mgongo, akipanga kauri alizookota ufukweni. Hakutikisika. Aliweka kauri moja, akachukua nyingine.

Wanawake watatu walitazamana.

Mama Kamu alimwita kwa jina. Akamwita tena. Akaokota kifuniko na kukipiga juu ya jiwe, akakipiga, akakipiga, mpaka Ashura akaja kumshika mikono. Mtoto aligeuka pale tu kivuli cha mama yake kilipomwangukia, akatabasamu.

Jioni ile, Somoe alipokuwa ananawa aende darasani, Mama Kamu alimjia.

"Baba Kamu akirudi, tunakwenda Dar es Salaam. Homa imekula masikio. Wanasema daktari wake yuko huko." Akashika sikio lake. "Hii. Haisikii. Kizungu nini?"

"Silijui," Somoe alisema. Ilikuwa kweli. Neno hilo hakuwahi kulihitaji.

"Nenda uliza. Niletee."

Darasani Mwalimu Fikirini aliuliza hali za watu, na benchi zote zikaitikia. Somoe hakuitikia. Alisimama katikati ya somo na kuuliza neno lake, akaeleza la nini, na yaliyotokea hospitalini. Mwalimu aliacha kuandika. Alikaa kwenye ukingo wa meza yake, mtu mwema aliyechoka, vumbi la chaki limemjaa kwenye nyusi.

"Ilinipasa kuwaambieni," alisema. "Barabarani kuulizwa hali ni salamu. Kwa daktari ni swali. Mimi mwenyewe sikuwahi kulifikiria, Mama Thabiti. Nilifundisha kama nilivyofundishwa." Kisha akaandika neno ubaoni, fupi, herufi nne tu, akalitamka mpaka Somoe akalishika.

Alirudi nalo njia nzima akilirudiarudia kimoyomoyo, kama mtu aliyebeba kaa la moto la kuazima. Mama Kamu alikuwa anamngoja kibarazani na taa, Kamu amepakatwa, yu macho. Ashura naye alikuwa hajaenda kwao.

"Deaf," Somoe alisema.

Mama Kamu alilirudia. Lilimkaa vizuri mdomoni, kama yote aliyompa. "Linasemwa vipi? Na maneno mengine."

Somoe alikaa karibu naye. Alikuwa ameipanga sentensi ile njiani, na sasa haikutaka kutoka. Mama Kamu alingoja.

"My child is deaf."

"My child is deaf," alisema Mama Kamu. Akalisema tena, akiwa amemtazama Kamu usoni, na Kamu akatazama midomo yake, akijaribu kuifuatisha kwa midomo yake mwenyewe, bila sauti. Akalisema mpaka likanyooka, mpaka likawa linatoka lenyewe bila mtu kulisukuma.

Ashura hakustahimili. Alijifunika uso kwa kanga na kuangua kilio, kilio cha msibani, cha sauti. Mgongoni mwa Somoe, Thabiti alizinduka, akageuza kichwa upande ule kusikiliza. Somoe alimhisi akigeuka, akamrudishia kichwa chake taratibu kwa mkono, akamfunika na kanga, Mama Kamu asije akaona.