Pumzi za Alhamisi

Aliya alikuwa na miaka sita wazazi wake walipofariki, na kaka yake Hakimu ndiye aliyemlea. Hakimu alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Waswahili wa Rumonge, mji wa kando ya ziwa. Kila Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, aliongoza zikri kwenye ua wa nyumba yake. Wanaume kumi na tano hivi walisimama duara, mkono kwa mkono, wakalitaja jina la Mungu tena na tena mpaka maneno yakayeyuka, zikabaki pumzi tu. Juu ya pumzi hizo sauti ya Hakimu ilipanda na kasida, nyembamba mwanzoni, kisha ikafunguka mpaka ikajaza ua mzima.

Aliya alisikiliza nyuma ya pazia pamoja na wifi yake, Mariyamu. Siku moja, akiwa na miaka tisa, alitoka mbio akajipenyeza katikati ya wanaume wawili. Mzee mmoja alimshika bega kwa upole, akamrudisha ndani. Hakuna aliyemgombeza. Lakini tangu siku hiyo Aliya alijua kwamba mahali alipopataka kuliko popote duniani palikuwa hatua nane tu kutoka mlangoni, na kwamba hatafika.

Alipokuwa mtu mzima alikwenda Bujumbura, akajifunza kazi ya mitambo ya sauti katika redio moja. Alirudi Rumonge na kompyuta na spika mbili, akawa anapiga muziki upande wa wanawake kwenye harusi. Muziki wake mwenyewe aliutengenezea chumbani. Ulikuwa muziki wa polepole, wa kompyuta tupu, wenye besi inayotembea chini kwa chini na milio mirefu inayokuja na kuondoka kama ukungu wa ziwani. Uliweza kuchezwa, ila kwa macho yaliyofumbwa.

"Kaka," alimwambia Hakimu siku moja, "niruhusu nichukue sauti zenu za Alhamisi, vijana wapate kujifunza."

"Chukua," Hakimu alisema. "Sisi hatutaishi milele."

Aliweka kinasa sauti dirishani. Wiki nzima alisikiliza alichokipata, na kadiri alivyosikiliza, mikono yake ilianza kufanya jambo ambalo hakuliombea ruhusa. Aliipandisha sauti ya kaka yake juu ya milio yake mirefu. Alitia besi. Ulipokamilika ulikuwa muziki wa dakika kumi na moja, na Aliya aliusikiliza amekaa sakafuni, akilia. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ndani ya duara.

Hakukusudia utoke chumbani. Alimpa rafiki yake mmoja tu, Niyonkuru, kijana aliyepiga muziki Jumapili kwenye sehemu moja ya starehe ufukweni. "Usikilize peke yako," alimwambia. Niyonkuru aliusikiliza peke yake mara tatu, na mara ya nne ikamshinda. Akaupiga mbele za watu.

Siku mbili baadaye Hakimu aliingia chumbani kwa Aliya ameshika simu. Mtu wa msikitini alikuwa amemtumia video. Vijana walikuwa wakicheza mchangani, mikono juu, chupa za bia mkononi. Kelele na upepo vilijaa humo, na katikati ya kelele jina la Mungu lilisikika, likitajwa na sauti aliyoijua kila mtu mtaani.

"Hii sauti ni ya nani?" Hakimu aliuliza.

"Ni yako, kaka."

"Na hawa wanafanya nini?"

"Wanacheza."

Hakimu hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Umenipeleka mahali ambapo miguu yangu haikwenda," alisema. "Futa. Yote. Hapa hapa, nikiona."

Aliya alifuta. Alifuta muziki, na alipofika kwenye ile zikri ya asili, iliyo safi, alitaka kusema kwamba hii haina kosa. Aibu ilimfunga mdomo. Akaifuta nayo.

Kuanzia siku hiyo Hakimu hakusema naye tena. Hakumfukuza. Aliya mwenyewe ndiye aliyeshindwa kukaa katika nyumba ambamo salamu zake zilijibiwa na mtu mwingine. Akapanga chumba karibu na bandari. Alhamisi alipita njia ya nyuma ya ua wa kaka yake, taratibu, kikapu mkononi kama anayetoka sokoni, mpaka kasida ikaisha. Kompyuta aliifungua kwa kazi za harusi tu. Miaka miwili ikapita hivyo.

Kisha Hakimu akaota uvimbe shingoni. Madaktari wa Bujumbura walimwambia kabla ya kumpasua kwamba wataokoa maisha yake, lakini sauti hawawezi kuiahidi, maana uvimbe ulikuwa umezunguka mishipa ya sauti. Akarudi Rumonge mzima, na kovu chini ya kidevu. Alipofungua kinywa ilitoka hewa yenye mikwaruzo, ambayo mtu wa pili kutoka kwake hakuweza kuisikia.

Mariyamu alifika kwa Aliya asubuhi moja, akakaa kitandani bila kuvua mtandio.

"Wifi, kaka yako amenituma," alianza. "Hapana, nisiseme uongo. Hakunituma. Alhamisi anakaa pembeni ya duara anasogeza midomo tu. Zubeir, mwenzao wa duarani, ndiye anaongoza sasa, anajitahidi, lakini siyo ile. Aliya, ile sauti uliichukua zamani, iko wapi?"

"Niliifuta."

"Yote?"

"Alisema yote, wifi. Nikafuta yote."

Mariyamu alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaondoka bila kunywa chai.

Siku hiyo hiyo Aliya alimtafuta Niyonkuru. Simu yake ya zamani ilishazama ziwani na kila kilichokuwa ndani. "Lakini ule muziki ulitembea, dada," Niyonkuru alisema, akikwepa macho yake. "Watu waliuomba, nikawapa. Mwaka jana niliusikia kwa wavuvi wa Muhuta. Na kuna mutu aliniambia iko Kigwena, kwenye mashine moja ya mawese."

Aliya alipanda taksi-moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kigwena. Alishuka barabarani, akafuata njia katikati ya michikichi, na kabla hajaiona mashine akausikia. Ulitoka kwenye simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuning'inizwa kwenye nguzo, kuikinga na mafuta. Wanaume wawili walisukuma gogo la kukamulia, wakizunguka kwa mwendo ule ule wa muziki. Sauti ya Hakimu ilipanda. Aliya akakaa juu ya rundo la chikichi.

Mwenye mashine, mzee aliyeitwa Dismasi, alimfuata. "Amahoro, dada. Unaumwa?"

"Hapana, muzee. Huu muziki uliutoa wapi?"

"Niliupewa tu. Sijui ni wa nani. Mimi ni Mukatoliki, maneno yake siyaelewi. Lakini huyu mutu, kuna mutu yeye anamuita." Alijipangusa mikono kwa kitambaa. "Sisi tulikaa kambi ya wakimbizi Tanzania miaka mingi. Mama yangu alikuwa anaimba hivi, anaangalia upande wa huku. Alikufa hajarudi. Nikisikia huyu, namusikia yeye."

"Huyo ni kaka yangu."

Dismasi alimtazama vizuri. "Iko muzima?"

"Iko muzima. Sauti ndiyo haipo tena."

Mzee aliishusha simu kutoka kwenye nguzo na kumpa. "Chukua. Lakini dada, usinifutie yangu." Aliya akauhamishia muziki kwenye simu yake, akamrudishia mzee ya kwake.

Adhuhuri ya kesho yake Aliya aliingia katika nyumba aliyolelewa. Hakimu alikuwa kwenye cherehani. Alimsalimu, na Hakimu akaitikia, jibu lake la kwanza kwa miaka miwili, dogo mno hata Aliya aliliona midomoni zaidi kuliko kulisikia.

"Kaka, ile safi niliifuta. Imebaki hii tu. Ni ile ile uliyoichukia. Ukitaka nitoke nayo, nitatoka nayo."

Hakimu alinyoosha mkono. Aliya akamvalisha ekutere, visikilizi vya simu, masikioni, akabonyeza, kisha akasimama karibu na mlango.

Hakimu alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono mmoja juu ya gurudumu la cherehani. Muda mrefu uso wake haukubadilika. Kisha vidole vyake vikaanza kupiga ubao wa meza, polepole. Akasimamisha muziki, akamwashiria Aliya asogee, akamnong'oneza sikioni.

"Hii ngoma ulipiga na nini?"

"Si ngoma, kaka. Ni pumzi zenu. Nilizichukua, nikazishusha chini, nikazipunguza mwendo. Sikuongeza ngoma yoyote."

Hakimu aliigusa tena simu. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena, na safari hii Aliya aliona anawatambua watu mmoja mmoja: nani anavuta hewa kwa pua, nani ana kifua kibovu, mzee gani sasa ni marehemu. Machozi yalimshuka mpaka kwenye kovu.

"Ile video," alinong'ona, "niliiangalia. Sikuisikiliza."

"Nilikosa, kaka. Ningekuomba kwanza."

"Ulikosa. Na ile pombe juu ya jina la Mungu siikubali, hata leo." Alipumzika, maana maneno yalimchosha. "Lakini ungeniambia kwamba ulikuwa unataka kuingia."

Aliya alijaribu siku kadhaa kuitenga sauti na milio yake. Haikutoka safi. Ilibaki na mikwaruzo, na pengine herufi zilikatika katikati. Alipompelekea zote mbili, Hakimu alichagua ule muziki mzima. Aliusikiliza kila siku baada ya adhuhuri, yeye na mwanawe wa mwisho, sikio moja moja.

Kisha akaanza kumwita Aliya kila Alhamisi, kabla wanaume hawajafika. Alimnong'oneza kasida, mstari kwa mstari, na Aliya akaimba. Sauti ya Aliya ilikuwa ndogo na haikwenda juu alikotaka. Hakimu alimwongoza kwa kiganja: panda, subiri, sasa shuka. Hakumruhusu kuchukua sauti. "Bado," alisema kila alipoulizwa.

Miezi minne ilipita kabla Aliya hajaifikisha kasida ya kwanza mwisho bila kukosea. Siku hiyo hata Mariyamu aliacha kutwanga majani ya sombe uani. Hakimu alitikisa kichwa kukubali, halafu akageukia ukuta. Aliya alingoja. Alijua hakukosea popote, na alijua pia kilichomgeuza, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa nacho muda wote alipokuwa akiimba. Wote wawili walikuwa wakimkumbuka mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ameketi pale pale, bila sauti yake.

Baadaye kidogo Hakimu alimgeukia, macho mekundu, akainua kiganja.

"Ya pili," alinong'ona. "Anza chini kabisa."