Picha Mbili za Kifua

Fundi viatu alisikia hospitali inatupa filamu za zamani, eti siku hizi kila kitu kimo kwenye kompyuta. Hakungoja. Asubuhi alifunga kibanda, akaenda kuomba picha mbili za kifua cha marehemu mkewe, aliyeondoka kwa saratani ya tezi za kifuani. Alitaka kujua jambo moja tu: kati ya picha ya kwanza na ya pili, uvimbe ulikua au haukukua?

Mama wa mionzi, yule yule aliyezipiga, alimtambua.

"Mzee wa gundi! Mwenzio bado ananichekesha. Nilimwambia azuie pumzi, akanijibu, 'Miaka thelathini nalala na fundi viatu, mwanangu, leo nifundishwe na mashine?'"

Fundi akacheka. Akamwona tena mkewe siku ile ya picha, pale pale mlangoni, anavua hereni na kumtilia mkononi kama anayekwenda kuoga mtoni: "Usiziuze, narudi."

"Tafuta picha, binti."

Mama wa mionzi akazibandika zote mbili kwenye kisanduku cha taa, akaweka rula juu ya doa jeupe katikati ya mapafu. Akapima. Akapima tena.

"Ya kwanza, sentimita tatu. Ya pili, tano na nusu."

"Mbona daktari mkubwa wenu aliandika hakuna mabadiliko?"

Mama wa mionzi akashusha sauti. "Siku anasoma ya pili, ya kwanza ilikuwa kabatini kwake, ufunguo kausahau nyumbani. Akasema haina haja, anaikumbuka."

"Anaikumbuka! Wagonjwa wote hawa, yeye aikumbuke ya mke wangu! Wakubwa bwana, kiti kikishapata joto, macho yanalala."

Lakini hasira haikukaa. Ikamjia akilini ile miezi minne baada ya majibu, mkewe kashika kifua jioni: "Baba watoto, hiki kitu kinakua." Naye, anagonga soli: "Daktari kasema hakikui. Unajua kuliko daktari?" Akasema mara ya pili, akajibiwa vile vile. Mara ya tatu hakusema. Akawa anamletea chai tu, anakaa kando, anamtazama.

"Utamshitaki?" aliuliza mama wa mionzi, bahasha mkononi.

"Nitamshitaki, wala hatalala. Lakini usizitoe kwanza."

Akavuta kiti mpaka mbele ya taa. Zile mbavu alizijua.

"Ulisema kweli, mke wangu," akanong'ona. "Nilikubishia bure."